Keria Bila Kigodoro

Mume wangu hakuwahi kuniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Alijua jibu, au alidhani analijua. Mimi nilikuwa mtu wa kubebwa. Alinibeba yeye mwenyewe miaka mingi kule Busia, kwenye keria ya baiskeli yake ya blaki mamba iliyokuwa na kigodoro chekundu chenye nyuzi za kuning'inia pembeni, wakati boda boda bado ilikuwa baiskeli. Kwa hiyo Ijumaa ile asubuhi nilipotoa baiskeli mbili nje ya lango la villa tuliyokuwa tumepanga chumba, kule Al Wukair nje ya Doha, aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, kisha akanitazama mimi.

"Ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako ya kufanyia nini?"

"Ya kukaangia mayai," nikamwambia. "Haya, panda twende."

Hakupanda. Alisubiri nipande mimi kwanza, kama mtu anayengoja kuona kioja. Nikakunja suruali, nikakaa, nikakanyaga pedali, nikaizunguka gari ya mwenye nyumba mara moja na kurudi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya mzunguko ule hadi paka wa pale walinichoka. Nilipofunga breki mbele yake alikuwa amefungua mdomo.

"Nani amekufundisha?"

"Mfilipino wa wodini kwetu."

"Mwanamume?"

"Woi, jameni! Mwanamke, tena ana wajukuu. Hiyo unayopanda ni yake, kwa hiyo uitunze."

Hapo akacheka kidogo, na mimi nikashukuru Mungu kimoyomoyo, maana alikuwa hajacheka tangu mwanzo wa wiki.

Nieleze mambo yalivyokuwa. Mimi ni nesi. Nilikwenda Doha mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, watoto wetu wakiwa bado shule, nikisema ni mkataba mmoja tu kisha narudi. Mkataba ukazaa mwingine. Watoto wakakua, wakaingia vyuo, kitinda mimba naye akaondoka, na baba yao akabaki Busia katika nyumba ya vyumba vinne akila ugali na redio. Siku hizo hakuwa mtu wa baiskeli tena. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, lililokuwa likienda kwa kusukumwa. Mwaka huo, katika ile miaka ya elfu mbili kumi na kitu, nikapata nafasi ya kumleta kunitembelea. Hospitali ikaniambia pia kwamba nikitaka naweza kumwombea kibali cha kuishi nami kabisa, kama mume na mke wanavyokaa duniani kote.

Nikamwambia. Akasema, "Nitafikiria."

Basi akafikiria. Akafikiria akinipigia pasi sare zangu, akafikiria akipika omena nilizomwagiza aje nazo, akafikiria akiwa dirishani akitazama mchanga. Ndege yake ya kurudi ilikuwa Jumamosi, yaani kesho yake. Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa nusu, na alikuwa hajaniambia kama anarudi kuuza duka aje tuishi, kama ataahirisha safari, au kama akienda ndiyo ameenda. Nami nilikuwa nimeapa sitamuuliza tena. Nina mdomo mimi, kila mtu anajua, lakini kuna mambo ukimbembeleza mtu, akikubali utajiuliza maisha yako yote kama ni yeye aliyekubali au ni mdomo wako.

Haikuwa kwamba hanipendi. Hilo nililijua. Kilichomkera ni kitu kingine, na nilikiona Ijumaa iliyotangulia kule kanisani. Huku kanisa ni Ijumaa, kwa sababu Jumapili watu wako kazini, na baada ya ibada Wakenya wote husimama pale nje wakipeana habari. Jamaa mmoja wa Kisumu, mtu mzuri tu, akamshika mkono akamuuliza, "Na wewe brathe, uko kampuni gani?" Mume wangu akajibu, "Mimi ni mgeni wa sista." Akasema akitabasamu, akinionyesha mimi. Lakini usiku akaniambia ghafla, "Mimi nimebeba watu maisha yangu yote. Sijui kubebwa." Nikajifanya nimelala.

Nilijaribu kumpeleka mahali. Nilimpeleka The Pearl, tukatembea kando ya maji, akatazama yale maboti meupe yaliyojipanga, akauliza, "Wenyewe wako wapi?" Nikasema sijui. Akauliza, "Sasa yanangoja nani?" Tukarudi nyumbani. Nikampeleka West Bay aone maghorofa, akasema shingo inauma. Kitu pekee kilichomfurahisha katika Doha nzima alikiona akiwa dirishani mwa basi. Mhindi mmoja alikuwa amebeba mitungi miwili ya gesi kwenye keria ya baiskeli, akipita katikati ya magari makubwa bila wasiwasi. Mume wangu aligeuza shingo hadi mtu yule akapotea. "Amefunga vizuri," akasema. "Huyo anajua kazi."

Nikajiambia, mama, unampeleka kwenye maboti ya nini? Mweke kwenye baiskeli.

Ndiyo maana Ijumaa ile tulitoroka kanisa. Nilimwambia Mungu atatuona barabarani.

Ilikuwa Januari, na watu wasioishi kule hawaamini nikiwaambia Doha kuna baridi. Asubuhi unavaa sweta. Jua linatoka taratibu, halina hasira, na Ijumaa mapema barabara ni tupu kabisa kwa sababu mji mzima umelala. Al Wukair ya siku hizo ilikuwa nusu mji, nusu jangwa. Ungekuta nyumba mpya za rangi ya maziwa zimepangwa mstari, kisha mchanga mtupu, kisha msikiti mdogo, duka la kufulia nguo na kinyozi wa Kipakistani, halafu mchanga tena. Tulipanga kwenda polepole hadi Al Wakrah, tuone bahari, tunywe chai, turudi. Hakukuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nimefunga chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu cha mbele.

Yeye alianza kwa kulaumu. Baiskeli ya Mfilipino ilikuwa nyepesi, ya kisasa, yenye gia nyingi na tairi nyembamba, na haikuwa na keria.

"Hii inayumba," akasema. "Haina kitu nyuma ya kuituliza."

"Wewe ndiye unayumba."

"Baiskeli bila mzigo ni kama mtu amevua viatu. Halafu hizi gia ni za nini?"

"Za kukusaidia kupanda kilima."

Akaangalia pande zote nne za Qatar. Hakukuwa na hata kichuguu. "Gia ni za wavivu," akasema, akaiacha kwenye ile nzito kuliko zote, na hapo ikabaki asubuhi yote.

Lakini baada ya muda mwili ulianza kukumbuka. Niliona mabega yake yakishuka. Niliona jinsi alivyoshika usukani kwa vidole tu, magoti yametawanyika kidogo, kichwa juu, akitazama mbali kuliko mimi. Tulipita ukuta mrefu wa shamba la mtu, mitende ikichungulia juu yake, mbuzi wakilia ndani. Tulipita uwanja wa mchanga ambapo vijana wa Kibangali walikuwa wakicheza kriketi kwa mti wa ufagio, wakatushangilia kama tuko kwenye mashindano. Pikapu ikatupita na ngamia amekaa nyuma, ametulia, anatutazama kwa dharau. Mume wangu akampungia mkono.

"Shika vizuri!" akasema ghafla.

Mbele yetu kulikuwa na tuta. Nikashika usukani, tukaruka. Mbele kidogo, tena: "Shika vizuri!" Mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba hasemi nami. Alikuwa akisema na abiria. Miaka yote ile ya kubeba watu ilikuwa bado ndani ya koo lake, na kila alipoona tuta ilitoka yenyewe, nyuma yake akiwa amebeba upepo tu.

Nilicheka hadi machozi. Na bado hayakuwa yameisha. Mwanzo wa Al Wakrah, dada mmoja Mhabeshi alikuwa amesimama nje ya lango la tajiri wake na mifuko ya takataka, akingoja sijui nini. Mume wangu alipomwona amesimama kando ya barabara, na mifuko, mwili haukumuuliza. Akapunguza mwendo, akapiga kengele mara mbili, akainamisha kichwa kuelekea nyuma, ile namna yao ya kusema mama, twende? Dada wa watu akatazama nyuma ya baiskeli, mahali ambapo hapakuwa na kiti wala keria. Akamtazama usoni. Akaingia ndani na kufunga lango.

"Baba watoto!" nikapiga kelele. "Utatufukuzisha nchi!"

"Ala! Nimefanya nini?" akasema, kisha akatambua alichokifanya, akacheka hadi ikabidi ashuke. Tulisimama pale kando ya barabara tumeshikilia baiskeli zetu, watu wazima wawili, tukicheka kama wendawazimu. Nilimwona vile alivyokuwa zamani. Nikafikiri, nikirudi chumbani kesho jioni sanduku halipo na mtu hayupo, nitafanya nini mimi? Kicheko kikaniisha.

Bahari ya Al Wakrah ni ya upole. Maji ni mafupi, unaweza kutembea ndani mbali sana ukibaki na magoti makavu. Tuliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa soko la zamani, tukala chapati zetu na mayai, tukatazama familia zikitandika mazulia mchangani. Maduka yalikuwa yakifunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa, lakini tulimwahi mwuza chai kabla hajashusha mlango, akatupa karak katika vikombe vya karatasi, ile chai yao nzito ya maziwa na iliki. Mume wangu aliionja, akasema hiyo si chai bali uji. Akamaliza yote.

Hapo ndipo nilipovunja kiapo changu. Si kwamba nilipanga. Alikuwa anatazama baiskeli yangu. Ile niliinunua kwa Mhindi, ni chuma kitupu, nzito kama ng'ombe, aina ile ile ya mtu wa mitungi ya gesi.

"Mbona ulinunua yenye keria?" akaniuliza. "Wewe unabeba nini?"

Nikataka kusema mboga. Nikasema ukweli. "Dukani niliangalia keria kwanza. Kabla ya breki, kabla ya tairi. Halafu nikajicheka. Nikajiuliza, sasa nani atakaa hapo?"

Akazungusha kikombe chake kitupu.

"Kesho unaenda," nikasema.

"Ndiyo, kesho."

"Na hujaniambia kitu."

"Sista..." Ameniita sista tangu siku ya kwanza aliponikuta na sare ya chuo cha unesi, na hadi leo jina langu nalisikia kwa watu wengine tu. "Sista, nikikaa hapa nitakuwa nani? Asubuhi unaenda kazini, mimi nabaki nakunja nguo. Kule Busia nikipita watu wanasema yule pale. Hapa watasema mume wa sista."

"Na mimi kule nilikuwa nani? Si walisema mke wa yule wa baiskeli? Nilikufa?"

"Si sawa."

"Si sawa kwa nini? Nieleze mimi mjinga. Wewe ukinibeba ni mapenzi, mimi nikikubeba ni aibu?"

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mama mmoja wa Kiarabu aligeuka. Sikujali, nilikuwa nimewaka. Nikamwambia nimechoka. Nimechoka kula nimesimama, nimechoka kuongea na simu hadi sikio linapata moto, nimechoka kulala katikati ya kitanda kwa sababu hakuna wa kumwachia upande. Nikamwambia sitaki mtu wa kunilipia chochote, nataka mtu wa kugombana naye akiwa ndani ya chumba. Kisha nikalia. Nilikasirika zaidi kwa sababu ya kulia.

Yeye alivua kofia yake akaniwekea kichwani, akasema jua limekuwa kali. Basi. Huyo ndiye mume wangu. Ungedhani nimemweleza habari za hali ya hewa.

Tuliondoka alasiri bila kuongea. Upepo wa baharini ulikuwa mgongoni, ukitusukuma nyumbani, na ungekuwa mwendo mtamu kama tungekuwa tunasemezana. Alitangulia. Nikamtazama mgongo, ule mgongo nilioutazama nikiwa msichana, na nikajiambia, basi mwangalie vizuri.

Nimesema Qatar haina vilima. Nilisahau kilima kimoja, na hicho kimejengwa na watu. Kurudi Al Wukair tulipitia daraja linalovuka barabara kuu, na daraja lile kwa baiskeli si mchezo. Asubuhi tulilishuka upande ulio mkali tukifurahi. Sasa ilibidi tuupande. Mimi na chuma changu nikashuka mapema nikaanza kusukuma, sina aibu. Yeye akaendelea. Nikaona amefika katikati, baiskeli inakaribia kusimama, bado yuko kwenye gia ile ile nzito.

"Badilisha gia!" nikapiga kelele.

Na kwa mara ya kwanza siku nzima akanisikiliza. Ila mtu wa blaki mamba akibanwa na kilima anajua njia moja tu. Anainuka kwenye kiti, anaweka mwili wote juu ya pedali na kukanyaga kama anayeua nyoka. Akainuka, akakanyaga, na wakati huo huo akabonyeza gia. Cheni ikiwa imevutwa kwa uzito wa mwanamume mzima, haikubali kuhamishwa. Nilisikia kraa! Pedali ikamtoroka mguuni, akaanguka ubavu, baiskeli juu yake, na cheni ikabaki barabarani imenyooka.

Niliiacha yangu ikaanguka nikakimbia.

"Usiguse!" akasema kabla sijafika. "Niko sawa."

"Nyamaza. Kaa chini."

Hapo nilikuwa kazini. Nikamvua kiatu, nikashika kifundo cha mguu, nikakizungusha huku na huku nikitazama uso wake badala ya mguu, kwa sababu uso haudanganyi. Hakuwa amevunjika. Kifundo kilikuwa kimeteguka na kinavimba mbele ya macho yangu.

"Hukanyagi pedali leo," nikamwambia. "Wala kesho."

Chini ya daraja, upande wa kwetu, kulikuwa na nyumba zinazojengwa, na langoni mlinzi mwenye koti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa amesikia kelele. Akapanda hadi tulipo akachukua baiskeli ya Mfilipino begani, mimi nikamshika mume wangu, tukavuka naye akiruka kwa mguu mmoja, kisha mlinzi akarudi kuniletea baiskeli yangu.

"Pole ssebo," mlinzi akasema, yaani pole bwana. Mume wangu akamjibu salamu kwa Kiganda, maana mtu wa Busia anazaliwa na lugha mbili za mpakani mfukoni, na mlinzi akafurahi sana. Kumbe ni wa Tororo, mwendo mfupi tu ng'ambo ya mpaka. Akatuletea kiti cha plastiki na maji, akasema baiskeli iliyovunjika tuiache kwake, hakuna atakayeigusa.

Nikapiga simu kwa Mkenya mmoja tunayemjua anayeendesha limuzini za kampuni. Alikuwa West Bay na wageni. Akasema atakuja, lakini hadi awashushe, magharibi itakuwa imeingia. Teksi za barabarani upande ule Ijumaa ilikuwa kuota tu.

"Basi tungoje," mume wangu akasema.

"Tungoje," nikasema.

Mlinzi wa Tororo akatazama mguu, akatazama baiskeli yangu, akatazama keria. "Nnyabo," akaniambia, yaani mama, "hiyo si inabeba?"

Mimi sikujibu. Haki ya Mungu, nilitaka kujibu, maneno yalijaa mdomoni hadi meno yakauma. Niliyameza. Nilikuwa nimesema yote kule baharini na sikuwa na jipya. Nikakaa kwenye tofali nikatazama kreni iliyosimama.

Tukakaa hivyo. Mlinzi akarudi langoni kwake. Mume wangu alikuwa ameinua mguu juu ya tofali, ametazama ile keria, namna alivyotazama mitungi ya gesi siku ile. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Umewahi kubeba mtu?"

"Hapana."

"Hata mtoto?"

"Hapana."

"Utaniangusha."

"Inawezekana."

Akasimama kwa mguu mmoja. Akaruka hadi kwenye baiskeli, akaigonga keria kwa ngumi kupima nguvu yake, akaangalia nati zilizoishika, zote mbili, akazikaza kwa vidole.

"Shikilia vizuri huku mbele," akasema. "Usianze kabla sijakwambia."

Kwa ule mguu hangeweza kukaa kiume, kutandaza miguu pande zote. Ilibidi akae upande, miguu yote kushoto, magoti pamoja, vile wanavyokaa akina mama wakitoka sokoni. Mlinzi akaja mbio kumsaidia, na akajaribu kutocheka, ikamshinda.

"Cheka tu," mume wangu akamwambia. "Leo mimi ni mama wa sokoni."

Nikakanyaga. Mungu wangu! Ilikuwa kama kuvuta nyumba. Tukayumba kushoto, tukayumba kulia, mlinzi anakimbia nyuma akisukuma, kisha akatuachia na upepo wa bahari ukatupokea mgongoni. Tukaenda mita chache vizuri. Ikaja kona ya kwanza, nikaelemea kulia kama nilivyofundishwa, na mzee wangu kwa hofu akaelemea kushoto. Nusura tuingie mchangani.

Huyo mtu alikuwa amebeba nusu ya Busia, lakini hakuwahi kuwa abiria. Hakujua jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu anajua, kwamba ukiwa nyuma unaacha mwili ufuate. Na mimi nililijua kwa sababu ni yeye aliyeniambia, asubuhi ile ya kwanza nikienda hospitali ya mafunzo na sare yangu mpya, nimekakamaa nyuma yake kama mti. "Sista," alisema, "kaa kama gunia la mahindi. Gunia halina maoni."

Nikageuza kichwa kidogo. "Baba watoto! Kaa kama gunia!"

Nikakanyaga tena, nikapaza sauti.

"Gunia halina nini?"

Nilisikia pumzi yake, halafu kicheko kikatoka tumboni, nikakihisi kwenye chuma cha baiskeli kabla sijakisikia. "Halina maoni," akasema.

Na kona iliyofuata akafuata. Mkono wake ukaja kiunoni kwangu, kwanza vidole viwili, kisha mkono mzima. Tulipita kriketi, wale vijana wakapiga makofi na miluzi, wakasimamisha mchezo. Tulipita mbuzi. Jasho lilinitoka kwenye sweta, mapaja yalinichoma, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kuimba ila pumzi haikuwepo. Tuta likaja.

"Shika vizuri!" nikapiga kelele.

"Nimeshika," akasema nyuma yangu.

Tulifika langoni jua likiwa limeshuka nyuma ya nyumba. Nikashuka miguu inatetemeka. Yeye akateremka polepole, akasimama kwa mguu mzima akijishikia ukuta, akajisugua makalio kwa mkono mwingine, uso umekunjamana.

"Hii keria ni chuma kitupu," akasema. "Unabebaje mtu hapa? Inataka kigodoro."

"Najua."

"Sponji, na kitambaa kigumu cha juu. Nyekundu kama iko." Alikuwa anapima kwa shubiri, huku na huku, amesahau mguu. "Jumapili ukienda kazini usiende nayo. Niachie niishonee."

Nilisimama. Sikuamini masikio yangu, na sikutaka kuharibu kwa mdomo wangu, lakini ilibidi nisikie. "Jumapili?" nikasema. "Ndege yako ni kesho."

"Najua ndege yangu ni lini," akasema, bado anapima.

Niliegemeza baiskeli ukutani nikafungua lango. Chumba chetu kilikuwa ghorofani. Nikamwambia anishike bega tupande ngazi, akanishika, na akaelemea na uzito wake wote.